Filamu ya 120 imeharibikia wapi? Anza na kingo za negativu

Filamu ya 120, ile pana inayoviringishwa pamoja na karatasi, ikitoka kwenye tangi la kusafishia na kasoro, lawama ya kwanza huiangukia kamera. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Hasselblad 500C ilitoka 1957, Mamiya RB67 na Yashica Mat 124G zote ni za 1970, na hata zile zilizotunzwa vizuri zimeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Lakini kasoro inaweza kuingia mahali pengi: filamu ikiwa njiani au kabatini, ikiwa ndani ya kamera, ikiwa kwenye dawa, au mwishoni kabisa kwenye skana. Kila mahali huacha alama yake. Kabla hujampelekea fundi kamera nzima, au hujaagiza filamu nyingine kwa bei tunazozijua, chukua negativu yenyewe (filamu iliyosafishwa, ambapo penye mwanga mwingi huwa peusi) uiweke mbele ya dirisha, au juu ya kioo cha simu kilichofunguliwa ukurasa mweupe, na macho yako yaanzie kingoni, nje ya picha.

Kingoni kuna jina la filamu na namba za fremu. Maandishi hayo yamechomwa kwa mwanga kiwandani. Hayakupita kwenye lenzi yako wala shata yako (mlango wa kupitisha mwanga), ila yamepita kwenye dawa ileile iliyosafisha picha zako. Ndiyo maana yanasema ukweli kuhusu usafishaji peke yake. Maandishi yakiwa meusi na imara huku picha ni hafifu, dawa ilifanya kazi na mwanga ndio haukutosha. Maandishi yakififia pamoja na picha, kamera haina kosa. Tatizo liko kwenye dawa, joto au muda.

Na usihukumu kwa faili ulilotumiwa na maabara. Skana hurekebisha yenyewe: picha iliyokosa mwanga huongezewa, iliyofifia huongezewa utofauti wa giza na mwanga, na unachopokea kwenye simu ni kitu cha kijivu chenye chengachenga ambacho kinaweza kuwa kimetokana na makosa matano tofauti. Mwombe msafishaji akurudishie negativu kila mara. Bila negativu unabahatisha tu.

Filamu nzima iko wazi, au nzima ni nyeusi

Iko wazi, na hata maandishi ya kingoni hayapo: filamu haikupata developa, dawa inayotokeza picha. Ama fiksa, dawa inayoifanya filamu isihisi mwanga tena, ilitangulia kumiminwa, ama developa ilikuwa imekufa. Developa ya unga iliyochanganywa miezi mingi iliyopita na kuachwa kwenye chupa iliyojaa nusu hufa kwa hewa, na nyingine hazioneshi dalili yoyote kwa macho. Kabla ya kusafisha, tumbukiza kipande cha filamu kilichoona mwanga kwenye kijiko cha developa. Kisipoanza kuwa cheusi ndani ya dakika moja au mbili, mwaga.

Iko wazi lakini maandishi yapo: filamu ilisafishwa vizuri, ila haikuona mwanga. Hapo angalia kama shata inafunguka kweli, na kama filamu iliingizwa upande sahihi. Kwenye migongo ya filamu inayotoka, kama ya Hasselblad na RB67, kugeuza ni rahisi sana kwa anayeanza. Upande mweusi wa karatasi ndio unaotakiwa kuangalia lenzi. Ukiona mishale na maandishi ya karatasi yanaangalia lenzi, umepiga picha karatasi.

Nyeusi yote mpaka kingoni: mwanga umeingia nje ya kamera. Kagua mishono ya mfuko wa giza unaotumia kuingizia filamu kwenye tangi, na zaidi ya yote kagua kama uliweka ule mhimili wa katikati wa tangi. Kwenye matangi ya Paterson mhimili ule haupo kwa ajili tu ya kushika rili, kile kigurudumu cha kuzungushia filamu. Bila huo, mwanga unashuka moja kwa moja kupitia mdomo wa kumiminia dawa.

Mwanga umevuja

Swali la kwanza ni moja: je, mvujo umefika kingoni au umeishia ndani ya fremu?

Ukiwa umeenea hadi kingoni, na hasa kama unaingia kutoka pembeni kwa vipande vinavyojirudia na kupungua kadiri unavyoingia ndani ya mkunjo, basi mwanga uliingia filamu ikiwa imeviringishwa kwenye spuli. Filamu ya 120 haina kopo la chuma kama ya 35mm. Kinachoilinda ni karatasi tu na ukazaji wa mkunjo. Ukilegea, mwanga hupenya kati ya karatasi na kingo za spuli. Wakati wa kuingiza, weka kidole gumba juu ya spuli iliyojaa ili iwe na ukinzani kidogo mpaka mshale ufike alama ya kuanzia. Wakati wa kutoa, zungusha mpaka karatasi yote imalizike, kaza mkunjo kwa vidole bila kuusokota kwa nguvu, kisha bandika ile gundi yake. Na fanya yote hayo kivulini. Kwenye jua la saa saba mchana ufukweni Mombasa, kugeuka na kulipa jua mgongo ni bora kuliko kutofanya lolote, lakini ndani ya gari au chini ya baraza ni bora zaidi.

Mvujo ukiwa mahali palepale kila fremu, upande uleule, tafuta sponji na vizuizi vya mwanga. Kwenye magazini za Hasselblad, yaani ile migongo inayotoka, kizuizi kidogo kilicho kwenye mwanya wa kile kibati cha kuziba mwanga huchakaa, na mstari wa mwanga hujitokeza upande uleule wa picha, hasa ukitembea juani kibati kikiwa kimetolewa. Ni kipuri cha bei ndogo na kazi ya muda mfupi. Kwenye RB67, sponji za mgongo huyeyuka na kuwa kama lami kwa joto letu. Zikwangue, safisha kwa spiriti, ubandike mpya.

Kama mvujo uko ndani ya fremu tu, unaanzia mbele: mfuko wa kukunja wa kamera una tundu, au shata haifungi sawasawa. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu ndani ya kamera, uangalie kwa nje huku ukiukunjua mfuko polepole. Matundu hupenda kujificha kwenye pembe za mikunjo.

Kamera za zamani zenye kidirisha chekundu nyuma, cha kusomea namba za karatasi, zina tatizo lake. Kidirisha kile kilibuniwa wakati filamu nyingi hazikuhisi rangi nyekundu. Filamu za leo zinaihisi, na yenye ISO 400, inayohisi mwanga haraka, haivumilii. Ukiona doa la mviringo katikati ya fremu, ziba kidirisha kwa utepe mweusi na ukifunue kwa sekunde chache tu unapozungusha, kivulini.

Negativu nyembamba: uso hauonekani

Nyembamba, yaani hafifu: hii ndiyo kasoro ninayoiona zaidi kuliko zote katika negativu za wenzetu, na mara nyingi maandishi ya kingoni ni meusi kabisa. Dawa haina kosa.

Chukua bibi harusi wa Mji Mkongwe, Unguja, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, gauni jeupe, bwana harusi pembeni kwa kanzu. Ukiiweka negativu dirishani, ukuta na gauni vimekaa vizuri, vizito vya kutosha. Nyuso zao ni plastiki tupu. Hakuna kope, hakuna mstari wa shavu, hina ya mikononi haionekani. Kipima mwanga kilisoma ule weupe wote na kudhani ni kijivu cha kati, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga, kikaamuru mwanga upunguzwe. Ukuta ukawa kijivu, na ngozi ya kahawia ikasukumwa gizani. Filamu ya negativu ikishakosa mwanga gizani, hakuna dawa wala programu ya kurudisha kisichokuwepo.

Tiba ni kupima mwanga unaoanguka juu ya mtu badala ya unaorudi kutoka ukutani. Kipima mwanga cha mkononi chenye kile kikuba cheupe kinafanya hivyo. Kama huna, sogea karibu mpaka uso ujaze kipimo, usome hapo. Kwa ngozi nyeusi kipimo hicho kitakupa mwanga kiasi cha stopu moja (yaani mara mbili) zaidi ya unaohitajika, na filamu ya negativu, ya rangi au nyeusi-nyeupe, inapokea stopu hiyo bila kulalamika. Iache. Filamu ya slaidi, inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, pekee ndiyo isiyosamehe, hapo punguza. Programu za simu za kupima mwanga zinafaa, na kamera ya kidijitali pia, mradi uweke ISO ileile na uangalie uso badala ya mandhari.

Sababu nyingine ya mwanga mdogo ni betri. Kipima mwanga cha Yashica Mat 124G kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, sindano inapanda kupita kiasi na kukudanganya kwamba kuna mwanga mwingi. Betri za vifaa vya kusikia, zile zinazofanya kazi kwa hewa, zina volti 1.4 na zinakaribia ya asili, ingawa hudumu kwa wiki tu baada ya kubandua kibandiko chake.

Kwa RB67, iangalie hasa unapopiga picha ya karibu. Lenzi inapotoka mbele, mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Lenzi ya milimita 90 ikivutwa hadi kama milimita 127 kutoka kwenye filamu, mwanga umepungua nusu, yaani stopu nzima. Kipimo kiko ubavuni mwa kamera. Kisome kabla ya kila picha ya uso. Na usiku, filamu huanza kuchoka: kwa filamu ya nyeusi-nyeupe ya HP5 Plus, watengenezaji wake Ilford wanaelekeza kupandisha sekunde zilizopimwa kwa kipeo cha 1.31, hivyo sekunde 10 za kipima mwanga huwa kama 20 za kweli.

Negativu ikiwa nzito kuliko kawaida, kwa kasi za chini tu, shata imezeeka. Mafuta yake yamekauka na robo sekunde imekuwa nusu. Fungua mgongo, elekeza kamera kwenye taa, urekodi kwa simu yenye mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Kasi ya 1/30 ionekane wazi kwa fremu kama 8, na 1/4 kwa fremu 60. Ukihesabu 120 mahali pa 60, unajua cha kumwambia fundi. Kwa kasi za juu kama 1/500 simu haiwezi kukusaidia.

Fremu zimepandana

Kwenye Pentacon Six chanzo mara nyingi ni mkono: mpini wa kuzungusha umeachiwa urudi kwa kishindo. Usindikize mpaka mwisho, na uhakikishe filamu imekazwa toka mwanzo. Rolleiflex Automat nayo huhisi unene wa filamu kupitia rola. Karatasi isipopitishwa chini ya rola ya kwanza, kamera haitajua filamu imeanza, na utazungusha mpaka mwisho bila kupiga picha hata moja. Kwa Yashica Mat 124G, angalia bamba la kukandamiza nyuma: lina nafasi ya 12 na ya 24. Ya 24 ilikuwa ya filamu ya 220 isiyo na karatasi nyuma ya picha. Liweke kwenye 12.

Picha haina ukali

Lenzi ya milimita 80 ikifunguliwa hadi tundu la f/2.8, mtu akiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita 10 tu. Anayetoka kwenye simu, ambako kila kitu ni kikali, hushtuka. Funga hadi f/8 mpaka uzoee. Kama kitu kingine ndani ya fremu ni kikali, mbele au nyuma ya ulichokilenga, kosa ni la ulengaji. Likijirudia umbali uleule kila mara kwenye kamera ya lenzi mbili, ile ya juu na ile ya chini hazilingani, na hiyo ni kazi ya fundi. Kama hakuna kikali popote na taa zimevutika upande mmoja, kamera ilitikisika. Pentax 67 ina kioo kizito. Kuanzia 1/30 kushuka chini, tumia miguu mitatu na uinue kioo mapema.

Kama ni fremu moja tu laini katikati ya nyingine zilizo kali, kumbuka siku ulizoiacha kamera kabatini. Filamu iliyokaa siku nyingi imejikunja kwenye rola huwa na kigongo hapo. Zungusha muda mfupi kabla ya kupiga badala ya mara baada ya kupiga.

Picha zote zikiwa na ukungu mweupe na taa zina mduara, mulika lenzi kwa tochi ya simu, shata ikiwa kwenye B (hubaki wazi ukishikilia kitufe). Nyuzi nyembamba zinazotawanyika ni kuvu, na Pwani inaipenda. Kamera isikae kwenye begi la ngozi wala kabati la ukutani lisilopata hewa. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri na pakiti za silika zilizokaushwa linatosha.

Kamera imekwama, au flashi haionekani

Usilazimishe. Hasselblad hugoma kupiga kibati cha kuziba mwanga kikiwa ndani, na lenzi haitoki kama haijakokiwa, yaani springi ya shata yake haijakazwa. Kwa nini hukwama vibaya? Kwa sababu lenzi isiyokokiwa imeunganishwa na mwili uliokokiwa, au kinyume chake. Koki vyote viwili kabla ya kuviunganisha. Na kwa kasi za chini, shikilia kitufe mpaka usikie shata imemaliza. Ukiachia mapema, milango ya nyuma inafunga na picha inakatika.

Ulitumia flashi na fremu ni nyeusi kwenye picha iliyochapwa: angalia kiswichi cha lenzi. M ni ya balbu za zamani, na shata huchelewa kuzisubiri. Flashi ya umeme inamaliza kazi kabla shata haijafunguka. Weka X.

Madoa na mistari ya dawa

Developa nyingi za nyeusi-nyeupe hupimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa hukaribia 28, na msimu wa joto hupita hapo. Ukisafisha kwa muda wa chati bila kurekebisha, negativu itakuwa nzito, chengachenga kubwa, anga bila mawingu. Weka chupa za dawa zote, pamoja na ya kusuuzia, kwenye beseni la maji na mfuko wa barafu, upime kwa kipimajoto. Zote ziwe joto moja. Filamu ikitoka kwenye nyuzi 20 na kutupwa kwenye maji ya 30, ngozi yake laini inaweza kupasukapasuka. Ukishindwa kushusha, zimua developa zaidi ili muda usishuke chini ya dakika tano, kwa kuwa chini ya hapo michirizi ni ya kutegemewa. Filamu za rangi, ambazo dawa yake ya C-41 hutaka karibu nyuzi 38, kwetu Pwani ni rahisi zaidi kushikilia joto kuliko nyeusi-nyeupe, na ningemshauri mtu asiogope kuanza nazo.

Alama za mwezi mwandamo ni mikunjo ya kidole wakati wa kuingiza filamu kwenye rili. Filamu hii ina upana wa zaidi ya sentimita 6 na hupinda haraka. Mabaka ya maziwa yenye umbo lisiloeleweka ni pale filamu iliposhikana yenyewe, dawa haikufika. Yote mawili hutokea zaidi mikono ikitoa jasho ndani ya mfuko wa giza, unyevu unapanda na filamu inanata kwenye rili ya plastiki. Kausha rili kwa mashine ya nywele, fanya kazi usiku chini ya feni, na ukikwama toa mikono, funga kila kitu ndani ya tangi, pumzika.

Filamu nzima ikiwa na maziwamaziwa, fiksa imechoka. Irudishe kwenye fiksa mpya, bado haijaharibika. Vidoti vya mviringo vilivyo wazi ni mapovu ya hewa. Gonga tangi mezani mara tu baada ya kumimina. Madoa meupe ya kukauka ni chumvi, na maji ya kisima yana chumvi nyingi. Suuza mwisho kwa maji safi ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta (hakikisha si asidi) na tone moja la sabuni ya vyombo.

Namba za karatasi ndani ya picha

Ukiona namba au vidoadoa vinavyofanana na chapa ya karatasi vikielea angani mwa picha, joto na unyevu vimehamisha wino. Tunza filamu kwenye friji ikiwa kwenye foili yake, uitoe saa moja au mbili kabla ya kuifungua ili isitoe jasho, na ukimaliza kupiga usiiache ikae miezi.

Filamu nyingi hutufikia kwa begi la ndugu anayetoka nje. Mwambie aibebe mkononi, kamwe isiingie begi la tumboni mwa ndege, na aombe ikaguliwe kwa mkono pale penye mashine mpya za ukaguzi za CT. Mionzi huacha ukungu au mawimbi yanayokwenda hadi kingoni, na filamu ya ISO kubwa ndiyo huumia zaidi.

Negativu ni safi, faili ni baya

Mstari mwembamba ulionyooka kabisa, mahali palepale kwenye faili zote, ni vumbi kwenye kioo cha skana. Duara za upinde wa mvua ni filamu kugusa kioo. Geuza upande usiong'aa uguse, au inua kwa fremu. Filamu iliyojikunja, ilalishe ndani ya kitabu kizito siku mbili. Ukitumia kamera ya kidijitali badala ya skana, ziba mwanga wote unaozunguka negativu kwa karatasi nyeusi, maana mwanga wa pembeni hulainisha picha na kukufanya udhani filamu ilikosa dawa. Fremu ya 6x6 (sentimita) ikiskaniwa kwa 2400 dpi, yaani nukta kwa inchi, hukupa pikseli karibu milioni 28, zinazotosha chapa kubwa ya ukutani. Faili la maabara likiwa na pikseli milioni mbili, hakuna lililoharibika. Umepewa tu skani ya bei ndogo.